Mlio Uliokwama Ndani ya Kinanda

Niliota usiku wa jana kwamba kinanda kimenimeza, na kitu cha kwanza nilichokikuta humo ndani ni lawama.

Kwanza niseme kinanda chenyewe ni kipi. Mimi kazi yangu ni kutengeneza sauti za michezo ya redio, hapa Moshi. Mlango ukigongwa redioni, ni mimi. Farasi akipita, ni mimi na vifuu viwili vya nazi. Safari hii mwongozaji wetu, Bwana Senkondo, anataka mto uliofurika, uanzie mbali, uje, uifikie nyumba. Bati la kutikisa hataki hata kuliona. Akanikabidhi sinthesaiza, kinanda cha umeme cha zamani kilichojaa vitufe vya kuzungusha uso mzima, na matundu, na nyaya za rangi rangi za kuchomeka kutoka tundu hili kwenda lile. Kurekodi ni leo mchana, na bila mto hakuna mchezo. Nimekaa nacho sebuleni wiki nzima na hakijatoa hata chafya.

Mume wangu, Baba Ndeshi, ni mpima ardhi, na hajapata kukutana na mashine akakosa ushauri. Kila alipopita kwenda jikoni aliuliza, "Umewasha?" Nimewasha, Baba Ndeshi. Basi anazungusha kitufe kimoja, chochote, halafu anakwenda kunywa maji. Kuna sehemu ya kinanda imeandikwa kwa Kiingereza neno la bahasha. Tulikaa tukajiuliza kinanda kina bahasha ya nini. Yeye akasema labda ni ya risiti. Jana jioni nilimwambia asikiguse tena, akasema alikuwa anasaidia, nikasema sijaomba. Nikalala nimemgeuzia mgongo.

Ndipo kinanda kikanimeza.

Nimesimama kwenye korido ya bati la kijani. Mbele yangu kuna mwanamume mnene aliyevaa singlendi. Mgongoni ameota meno ya msumeno, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Anapiga kelele: "Aaaaaaa," wala hapumui.

"Wewe ndiye mwenye kinanda?" anauliza, kwa noti ileile ya kelele yake.

"Nimeazimwa tu," nasema.

"Nalia tangu Jumatatu. Umenisikia?"

"Sijasikia kitu."

"Unaona! Mimi ni osileta. Kazi yangu ni mlio. Ukiwasha umeme nalia, ukizima nanyamaza. Sijui kuanza, sijui kuacha, sijui kupumzika. Hayo ni ya wengine, na hao wengine ndio wanaoniua. Niite Msumeno. Na ufunge hilo dirisha."

"Dirisha lina nini?"

"Baridi ikinipiga, nashuka."

Kweli, nilipokuwa bado nalitafuta komeo, kelele yake iliteremka kidogo, kama mtu anayeketi kwenye kiti kifupi kuliko alivyotegemea. Akafunika uso kwa aibu. Nilifunga dirisha, nikavua kanga yangu ya juu nikamfunika mabegani. Meno ya mgongoni yakaitoboa papo hapo. Ilikuwa kanga mpya.

"Ahsante, dada," akasema, akirudi taratibu kwenye noti yake. "Sasa nipeleke kwenye spika."

"Spika iko wapi?"

"Ningekuwa najua, ningekuwa nalia hapa?"

Ukutani kulikuwa na matundu mawili yenye nyaya, mmoja mwekundu na mmoja wa njano. Nikachagua mwekundu kwa sababu ulikuwa mfupi. Nikaingia kwanza mimi, nijaribu njia.

Nikatokea saluni. Katikati ya saluni mwanamke mwenye rola kichwani anabembea kwenye bembea, juu, chini, juu, chini. Juu yake kuna taa ndogo nyekundu. Akipanda inawaka, akishuka inazimika.

"Habari ya hapa," nasema. Hajibu.

"Samahani mama, naulizia spika." Hajibu.

Nikawaza moyoni, huyu naye si angefanya haraka kidogo. Hapo hapo bembea ikaanza kwenda mbio. Taa ikawa inapepesa. Rola zikaruka moja moja zikagonga kioo.

"Pole, pole! Sikukusudia!" nikapiga kelele. Hakunisikia. Lakini nilipowaza polepole, akaenda polepole.

Nilirudi kwenye korido nimekasirika, nikamweleza Msumeno.

"Umepanda waya wa amri," akasema. "Humu kuna nyaya za sauti na nyaya za amri. Kwenye waya wa sauti unasikika, ila hakuna anayekutii. Kwenye waya wa amri unatiiwa, ila hakuna anayekusikia."

"Nyumbani kwangu sina hata mmoja kati ya hizo."

"Basi huku umepata zote mbili. Twende na ule wa njano."

Waya wa njano ulitutoa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Kuna madoo, kuna mabomba matatu, na kuna kijana wa kike aliyevaa koti jeupe. Bomba la kwanza lina picha ya Msumeno. Limefungwa kabisa.

"Hapa ni kwenye miksa," akasema yule binti. "Milio inakusanywa hapa, kila mmoja kwa kipimo chake, ndipo inaendelea pamoja. Huyu kipimo chake ni sifuri."

"Nani kasema sifuri?"

"Kidole."

"Kidole gani?"

"Kidole kikubwa. Kilishuka kutoka juu kikazungusha hilo bomba, kikaenda kunywa maji."

Nilisimama pale nikapumua kwanza. Kisha nikalishika bomba kwa mikono miwili nikalifungua hadi mwisho. Msumeno akamwagika upande wa pili, nami nikateleza nyuma yake.

Sasa tuko jikoni kwa shangazi yangu Nanzia, siku ya harusi, masufuria yanafuka. Sikushangaa. Mlangoni amesimama mama mmoja wa haja, ameshika chujio la chai lenye ukubwa wa mlango. Ukutani kuna mstari wa chaki, usawa wa goti langu.

"Kilicho juu ya mstari hakipiti," akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kilicho juu ya mstari hakipiti."

"Mimi nina mwili juu ya mstari."

"Basi lipite goti."

Nikamwambia nina mwenzangu amelia wiki nzima bila kusikika. Akamtazama Msumeno, akamtia kwenye chujio, akatikisa. Meno yote yalibaki juu. Upande wa pili alitoka mtu laini, mviringo, anayenguruma taratibu kama mtu anayesema akiwa chini ya blanketi.

"Umemharibu!" nikasema.

"Nimemchuja. Mlio una sehemu za chini na sehemu za juu. Za juu ndizo meno. Nimeziacha za chini zipite."

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini nikasikia ule mngurumo. Ulikuwa mto. Mto wa mbali, nyuma ya mlima, ambao bado hujaamua kama umeusikia kweli.

"Mama," nikasema, "ukiupandisha huo mstari polepole, itakuwaje?"

"Meno yatarudi moja moja."

"Kwa hiyo mto utakuwa unakaribia."

"Mimi sijui mambo ya mito. Mimi ni chujio." Akaupandisha mstari kuniridhisha, ukafika usawa wa paji la uso wangu. Papo hapo wanawake wote jikoni wakanipigia vigelegele.

"Wanashangilia nini?"

"Anayegusa mstari anapigiwa vigelegele. Ndiyo kazi ya kitufe changu cha pili, kukuza kilicho penye mstari."

Nikainama, wakanyamaza. Nikasimama, vigelegele. Nikaanza kusema, "Lakini nani atakayeupandisha mstari huo wakati mimi..." vigelegele. Ilibidi nizungumze nimechuchumaa.

"Hapo nilikuonyesha tu, kazini sijipandishi," akasema yule mama. "Nikiletewa amri, napandisha. Amri anazo Bahasha. Yuko mlangoni kwa Amplifaya. Nendeni, chai inapoa."

Mlango wa Amplifaya ni mlango wa chuma uliosimama peke yake katikati ya uwanja wa mpira. Sikuelewa kwa nini hatuupiti pembeni. Nilijaribu. Pembeni kulikuwa na mlango uleule.

"Umefungwa," nikasema.

"Nimefungwa," ukasema mlango.

"Spika iko nyuma yako?"

"Iko nyuma yangu."

"Basi fungua. Huyu hapa amelia tangu Jumatatu."

"Namsikia. Amenilalia kifuani tangu mlipofika. Lakini mimi sifungui kwa huruma, nafungua kwa Bahasha."

Bahasha alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango. Ni bahasha ya kaki, ya kawaida, imekunjwa pembe moja. Nikamfungua nitazame ndani.

"Hamna barua," akasema kwa utulivu. "Kila mtu anatazama. Mimi sibebi kitu. Mimi nina tabia nne tu: kupanda, kushuka, kukaa na kuondoka. Nikipanda, mlango unafunguka. Nikiondoka, unajifunga. Na Mama Chujio naye ananifuata mimi. Unataka nipande vipi?"

"Polepole. Ni mto."

"Nimeelewa. Kisha nishuke?"

"Kidogo tu."

"Na nikae?"

"Ukae dakika nzima."

Akatikisa pembe yake iliyokunjwa. "Kukaa si muda, mama. Kukaa ni kimo. Niambie nikae juu au nikae chini. Muda si wangu, ni wa mwenye kidole. Akishikilia kibonyezo, nakaa. Akiachia, naondoka."

"Basi ukae juu. Na kuondoka kwako kuwe kwa taratibu sana, usinikatie ghafla."

"Taratibu sana," akasema Bahasha. "Tayari. Sasa abonyeze."

"Nani?"

"Aliye nje."

Kwenye mlango kulikuwa na kitundu cha ufunguo. Nikachungulia. Nikaiona sebule yetu, pana kama wilaya. Baba Ndeshi yuko kwenye kochi, mkubwa kama kilima, anakula karanga. Anatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mtu.

"Baba Ndeshi!" nikaita. "Bonyeza!"

Hakugeuka.

"Hawezi kukusikia," ukasema mlango. "Nimefungwa."

"Basi funguka anisikie!"

"Bahasha hajapanda."

"Bahasha, panda!"

"Kibonyezo hakijabonyezwa."

"Kibonyezo kitabonyezwa vipi kama hanisikii?"

Wakatazamana kwa adabu, kama watu waliowahi kuulizwa swali hilo na wengine. Niliupiga mlango teke. Nikaumia. Nikakaa chini kwenye nyasi za uwanja nikalia kwa hasira. Kando yangu Msumeno naye analia, lakini yeye ni kazini.

"Dada," akasema baada ya muda, "usijali. Nimezoea."

Hilo ndilo lililoniinua. Sikupenda alivyolisema.

"Huwezi kuzoea kitu kama hicho," nikamwambia. "Kaa hapohapo mlangoni, usisogee. Nakuja."

Nikarudi mbio, nikapita jikoni nimeinama, nikapita kwenye maziwa, nikafika korido, nikajitosa kwenye waya mwekundu. Yule mama wa saluni bado anabembea. Sikumsalimu, kwa kuwa hasikii. Niliwaza tu, haraka. Haraka, mama. Haraka zaidi.

Bembea ikaenda kama cherehani. Taa nyekundu ikapepesa, ikapepesa, ikapepesa. Kumbe taa hiyo inatokeza usoni mwa kinanda; kupitia kioo chake niliona sebule. Baba Ndeshi ameacha karanga. Ameinuka. Anakuja, sakafu inatetemeka.

"Hii taa ina wazimu gani?" akasema, na pumzi yake ikahamisha viti vyote vya saluni.

Nilikimbia nikarudi mlangoni, sijawahi kukimbia hivyo. Nilipofika, kidole kilikuwa kinashuka kutoka mbinguni. Nilikijua. Kina kovu la siku alipojibana na mguu wa darubini yake ya kupimia. Kikagusa kibonyezo cheupe kilicho chini kabisa, upande wa kushoto.

Bahasha akasimama kwenye kiti. Akapanda, taratibu, kama tulivyokubaliana. Mlango ukaanza kufunguka. Msumeno akanishika mkono, tukapita pamoja, na huko nyuma nikasikia Mama Chujio anapandisha mstari wake, na vigelegele vinapanda nao.

Mto ukaingia sebuleni kwetu. Ulianzia mbali, chini, nyuma ya mlima. Ukapata mawe. Ukapata miti iliyong'oka. Ukapata meno yote. Vikombe vikalia kabatini. Msumeno alikuwa anacheka, kwa noti yake ileile.

Kidole kikaanza kuinuka.

"Usiachie!" nikapiga kelele.

Kidole kikasimama. "Mama Ndeshi?"

"Usiachie! Ukiachia naondoka!"

"Unakwenda wapi? Uko wapi?"

Nikajitazama. Sikuwa na mikono. Sikuwa na miguu. Nilikuwa nimegusa kuta zote kwa wakati mmoja, na kioo cha kabati, na bakuli la karanga.

"Niko chumba kizima," nikasema.

Nilimsubiri aulize kama nimewasha. Nilimsubiri azungushe kitu. Badala yake alivuta stuli kwa mguu, taratibu, kidole kikiwa palepale, akakaa.

"Inauma?" akauliza.

"Haiumi. Ila sijui namna ya kurudi."

"Nikishika hivi, unabaki?"

"Nabaki."

"Na hivi vitufe vingine?"

"Usiguse kitufe, Baba Ndeshi. Nakuomba."

"Sigusi." Akaweka mkono wake mwingine chini ya paja, akaukalia kabisa ili usimponyoke. "Shikamana hapohapo. Mimi sina pa kwenda leo."

Tukakaa hivyo. Mwanga ukabadilika dirishani, nadhani ilifika mchana, halafu ikafika mchana mwingine. Kidole kilianza kutetemeka, na kila kilipotetemeka nilihisi miguu ambayo sikuwa nayo ikiyumba. Alikuwa anatokwa na jasho. Aliniambia habari za mpaka wa shamba fulani huko Kibosho ambao ndugu wawili wanagombania, nani kahamisha jiwe, nani kahamisha tena. Ilikuwa hadithi ndefu na nilishaisikia. Nikamwambia endelea.

"Mama Ndeshi," akasema mwishowe, "huo mto wako ni mzuri."

"Ni wa Msumeno."

"Nani?"

"Nitakueleza."

"Nieleze kwa utaratibu," akasema, akibana meno. "Siachii."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Jua limeingia chumbani, na jirani anafagia uwanja wake. Nililala kwanza nikihesabu viungo vyangu, mikono, miguu, vyote vipo. Kisha nikagundua kuna mngurumo. Wa chini sana, mzito, umejaa nyumba nzima kiasi kwamba ilibidi nisikilize ndipo niusikie. Nikasema ni friji.

Nikatazama juu. Feni ya darini imesimama. Umeme ulikuwa umekatika.

Nikageuka upande wa Baba Ndeshi. Alikuwa amelala kifudifudi, usingizi mzito, shati la kulalia limelowa jasho. Mkono wake wa kulia umenyooka hadi ukingo wa kitanda, na kidole kimoja kimebonyeza ubao. Kimebonyeza kwa nguvu hadi ukucha umekuwa mweupe. Mkono wa kushoto ameulalia.

Hasira ya jana niliitafuta nisijue nilikoiweka.

"Achia, Baba Ndeshi," nikamwambia sikioni. "Nimesharudi."

Hakuamka. Alishusha pumzi, na kidole kikainuka kwenye ubao.

Huko sebuleni mngurumo ukaanza kushuka. Haukukatika ghafla. Ulipoteza meno kwanza, ukawa mto wa mbali, ukaenda nyuma ya mlima, taratibu sana, kama nilivyoomba.